Neno Lisilopanda Ngazi

Dari liliondoka mahali pake mara tu Fundi Shingo alipoinua uso kulitazama. Halikuanguka, lingeanguka ingekuwa afadhali, maana kila mtu angeliona. Lilizunguka tu, kimyakimya, pembe zake zikifukuzana, na yeye akajikuta amekumbatia bomba la jukwaa la kupakia rangi kama mtoto anayekataa kupelekwa shule. Brashi ikamponyoka. Ikagonga ubao wa kwanza, ikagonga wa pili, ikatua sakafuni mbele ya viatu vya msimamizi.

"Nani huyo ananipaka rangi bila idhini yangu?" msimamizi alipaza sauti.

"Samahani bosi! Mkono una jasho!"

"Jasho asubuhi hii?"

"Mafua, bosi! Nimeamka nayo!"

Alijibu hayo yote akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, dari lilikuwa limetulia, jeupe, kana kwamba halijui lolote. Shingo akaomba brashi nyingine, na kuanzia hapo akapaka kwa mkono mmoja. Ule wa pili haukuachia bomba mpaka saa ya kula.

Si kwamba alikosa neno la kusema. Neno alikuwa nalo, tena lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kwa mafundi rangi wa ukumbi ule, kizunguzungu lilikuwa neno lisilopanda ngazi. Huko juu mtu aliruhusiwa kulalamikia njaa, joto, mgongo, hata mama mkwe. Kizunguzungu, hapana. Aliyelitamka alishushwa siku ileile, akapewa kijiti cha kukorogea rangi, na habari yake ikaishia hapo. Hakuna aliyejua nani alianzisha sheria hiyo, na hakuna aliyethubutu kuivunja. Mtu akiyumba alisema hajanywa chai. Akiona giza alisema vumbi limemwingia machoni. Mkorogaji hakupata hata nusu ya malipo ya fundi wa juu, ingawa malipo hayakuwa ndicho kidonda chenyewe. Kidonda kilikuwa kushinda chini na ndoo huku ukiwatazama wenzako na kuona soli za viatu vyao tu.

Na Shingo alikuwa na mengi ya kupoteza. Jina lenyewe alilipata kazini, kwa kuwa aliweza kukunja shingo nyuma tangu asubuhi hadi jioni, rola mkononi, asidondoshe tone. Ukumbi huu wa mikutano ulikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Katikati ya dari lake, juu kabisa, palikuwa na duara lililochongwa maua ya plasta, na msimamizi alikuwa amemwahidi duara hilo mbele ya watu. "Hili ni la Shingo," alisema. "Mwingine akiligusa namkata vidole." Sasa duara lilikuwa linamngoja mwenyewe, na mwenyewe hakuweza hata kulitazama.

*

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili, na kile cha mbele kilikuwa cha mapazia. Mkewe, Mama Mapacha, aliwashonea watu mapazia kwa cherehani iliyokaa dirishani, na mgeni aliyetaka kuketi ilibidi kwanza ahamishe pazia la mtu.

"Baba Mapacha, naona leo tena umerudi na ukuta," alisema bila kuinua macho kwenye mshono.

"Na ukuta?"

"Umeushika tangu mlangoni. Au ulitaka kuanguka?"

Shingo akauachia ukuta. "Nimechoka tu."

"Huo ni udhaifu," akadakia Dada Mkubwa, dada yake Shingo, aliyemzidi umri na sauti. Alikuwa amekuja kusalimia kidogo tangu mchana na alikuwa bado anasalimia. "Mtazame alivyolegea! Damu imepungua. Kesho nampeleka zahanati mimi mwenyewe."

Ikawa hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa siku zote. Katika ukoo wao mgonjwa hakwenda hospitali kuongea, alikwenda kuonyeshwa. Aliyeongea ni Dada Mkubwa. Ndiye aliyeelezea uchungu wa uzazi wa Mama Mapacha wakati mwenyewe yuko palepale anaugulia, na ndiye aliyemweleza daktari jino la baba yao lilivyokuwa likiuma, mpaka likang'olewa jino lililo jirani nalo.

"Ana udhaifu," Dada Mkubwa alisema huko zahanati kabla hajaketi.

Daktari wa zahanati, aliyekuwa na foleni hadi barabarani, akamgeukia Shingo. "Unajisikiaje, mzee?"

"Udhaifu," Shingo akaitikia, tena kwa shukrani. Lilikuwa neno salama. Mtu dhaifu hula akapata nguvu. Hakuna aliyewahi kushushwa ngazini kwa sababu hiyo.

Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa ale mayai na mboga za majani. Akala mayai mpaka akaanza kuwaonea aibu kuku. Mashavu yakajaa, nguvu zikaongezeka. Dari likaendelea kuzunguka.

"Basi ni macho," Dada Mkubwa akakata shauri jipya. "Ana ukungu."

"Ukungu," Shingo akaitikia.

Mama Mapacha akatoa pesa aliyokuwa ameiweka ya kununulia kitambaa, wakaenda kununua miwani. Miwani ile ilimwonyesha Shingo mambo mengi asiyoyahitaji: nyufa, utando wa buibui, chunusi za msimamizi. Sakafu nayo ikamsogelea zaidi kuliko ilivyostahili. Alipoingia nayo ukumbini, mafundi walipiga makofi kutoka juu. "Karibu, profesa! Leo tunasoma nini?" Shingo akacheka nao, kisha akapanda kidato kwa kidato, akipapasa kwa mguu kama mtu anayeingia chumba cha giza.

*

Msimamizi waliyemwita Rula alipata jina hilo kwa tabia yake ya kupima kila kitu kwa jicho, kuanzia kuta hadi watu. Asubuhi Shingo alipoanguka, Rula alikuwa chini ya duara na tochi yake, anatafuta makosa.

Halikuwa anguko kubwa. Shingo alikuwa ngazini, si juu sana, akageuza kichwa kulia kupokea ndoo kutoka kwa mwenzake. Ukumbi wote ukazunguka. Mguu ukakikosa kidato, akateleza hadi chini amekumbatia ngazi, na ndoo ikamfuata. Ilipita karibu kabisa na kichwa cha Mzee Tina, mkorogaji rangi, ikapasuka kwenye sakafu mpya. Miwani ikavunjika vipande.

Rula akamfikia, akasimama karibu naye mno. "Pumua."

"Nini, bosi?"

"Nipumulie hapa, usoni."

Mbele ya mafundi wote, mtu mzima mwenye mke na watoto akafungua kinywa akampumulia mwanamume mwenzake puani. Rula akanusa, akanusa tena.

"Si pombe," alisema, kama aliyetamani iwe pombe. "Basi ni nini?"

Kila mtu alikuwa anasikiliza. Fundi mmoja aitwaye Spidi, aliyepaka haraka kuliko wote na kujisifu haraka kuliko alivyopaka, alikuwa amening'iniza kichwa nje ya jukwaa ili asikose neno.

"Kichwa, bosi. Kimeniuma kidogo."

"Siku ile mafua, leo kichwa. Ungeua mtu, Shingo! Nenda nyumbani. Jumatatu uje na maelezo ya kueleweka. Usipokuja nayo, utakoroga rangi na Mzee Tina, na duara nitampa Spidi."

Shingo hakuondoka mara moja. Alipiga magoti, akaifuta rangi yote sakafuni kwa kitambaa, huku kazi ikiendelea juu yake na soli za viatu vya wenzake zikipita. Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

*

Mama Mapacha alipoyasikia, aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Sasa nikwambie ninachokiona mimi," alisema. "Kila alfajiri ukigeukia upande wa kulia unakamata godoro kwa mikono miwili. Aliyechoka hakamati godoro. Mwenye ukungu hakamati godoro. Unaogopa kuanguka kutoka wapi, baba, na wewe tayari umelala?"

Shingo aliutazama mlango.

"Sema."

"Nikisema, nimekwisha."

"Usiposema, utaanguka. Unataka niletewe maiti yenye sifa njema? Watasimama hapo waniambie, alikuwa fundi hodari, hakulalamika hata siku moja. Nizifanyie nini sifa hizo, nizishonee pazia?"

Alikuwa analia sasa, kwa hasira, na ni machozi yale yaliyomvunja. Shingo alikuwa hajawahi kulisema neno lile hata moyoni mwake. Alipolitoa lilitoka dogo, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

"Kizunguzungu." Akainamisha kichwa, kama anayesubiri paa liwaangukie. Halikuwaangukia. "Ni kizunguzungu, Mama Mapacha. Nikiinua uso dari linazunguka. Nikigeukia kulia kitanda kinazunguka. Naogopa. Naogopa sana, na hakuna wa kumwambia."

Mkewe alisogeza mapazia ya watu, akaketi karibu yake, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili kama anayezuia chombo kisimwagike. Wakakaa hivyo, na Shingo akashangaa jinsi kifua chake kilivyokuwa chepesi.

"Alhamisi tunakwenda hospitali kubwa," mkewe alisema mwishowe. "Na utaongea wewe."

"Na Dada Mkubwa?"

"Dada Mkubwa niachie mimi."

*

Dada Mkubwa alikuja, bila shaka. Hakualikwa, lakini kwake kutoalikwa hakukuwa kizuizi. Foleni ilikuwa ndefu, na Mama Mapacha alikuwa amebeba pazia la mteja ili akunje upindo wakati wanasubiri. Walipoitwa ndani, alikuwa bado ana kitambaa mikononi na pini za kubania upindo.

"Dada, hebu nishikie hizi kwa meno kidogo," alisema. "Mikono yangu imejaa."

Dada Mkubwa, mtu wa msaada siku zote, akazipokea pini zote kwa meno. Ndipo alipogundua kilichomkuta.

Daktari alikuwa mama wa makamo aliyevaa raba, na mezani kwake palikuwa na chai iliyopoa zamani. "Tatizo ni nini?" aliuliza.

Dada Mkubwa akavuta pumzi puani. Mama Mapacha akatazama dirishani.

"Kizunguzungu," alisema Shingo.

"Neno hilo naletewa kila siku," daktari alisema, "na kila mtu amefungia kitu chake ndani. Mmoja ana njaa, mwingine ana presha, mwingine amefiwa. Nifungulie la kwako. Unaishiwa nguvu, unahisi kama unataka kuzimia?"

"Hapana. Nguvu ninazo. Nimekula mayai sana."

"Unaona ukungu?"

"Hapana. Vitu naviona vizuri kabisa, ila havitulii."

"Wewe ndiye unayeyumba, au chumba ndicho kinachozunguka?"

Shingo alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. "Chumba," alisema. "Mimi nimekaa, chumba kinanizunguka. Kitambo kidogo tu, halafu kinatulia. Kinakuja nikiinua uso, au nikigeukia kulia. Zaidi kulia."

"Masikio yanasikia vizuri? Mikono na miguu haifi ganzi? Umewahi kugonga kichwa?"

"Nasikia, na ganzi sina. Kichwa, sisi tunagonga mabomba kila siku, daktari. Mimi napaka madari."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unapaka madari. Umeinua uso. Na umelificha jambo hili ili usishushwe."

Shingo akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kwa tahadhari.

Daktari akamweleza kwamba ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno, vidogo kuliko punje za chumvi, vinavyomsaidia mtu kujua juu ni wapi na chini ni wapi. "Inaelekea vyako vingine vimetoka mahali pake vikaingia kwenye mfereji usio wao. Ukigeuza kichwa vinabingirika, na sikio linauambia ubongo kwamba unazunguka. Hakuna kidonge cha hili. Tutajaribu kuvirudisha kwao. Panda kitandani. Na usifumbe macho, nataka kuyaona."

Alikigeuza kichwa cha Shingo kulia, kisha akamlaza chali kwa haraka mpaka kichwa kikaning'inia nje ya ukingo wa kitanda, mikononi mwake. Dari la hospitali likaruka. Lilizunguka kuliko la ukumbi lilivyowahi kuzunguka, na Shingo akapiga ukelele ambao watu wa kwenye foleni waliusikia. Akaukamata mkono wa mkewe.

"Angalia macho yake yanavyocheza," daktari alimwambia Mama Mapacha kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Vizuri. Vizuri sana. Vumilia, baba, linapita."

Likapita. Daktari akakigeuza kichwa kushoto, akasubiri. Akamlaza ubavu wa kushoto, pua ikitazama sakafu, akasubiri tena. Kisha akamketisha polepole, akampa muda wa kupumua.

"Sasa tunarudia kama mwanzo. Tuone."

Shingo alitaka kukataa. Alipiga moyo konde, akalazwa chali, kichwa kulia, nje ya kitanda. Akangoja. Juu yake palikuwa na dari lenye doa la maji pembeni na rangi iliyobanduka, kazi ya mtu mvivu. Akalitazama doa. Doa nalo likamtazama.

"Vipi?" daktari aliuliza.

"Haliendi."

"Nini?"

"Dari. Haliendi popote! Limekaa! Mama Mapacha, limekaa!"

Alianza kucheka akiwa bado ananing'inia, na kicheko kikageuka kilio, na hakujali. Mama Mapacha alikuwa ameshika mdomo kwa pazia la mteja. Hapo Dada Mkubwa alishindwa kuvumilia, akazitema pini zote sakafuni. "Nilisema mimi! Si nilisema toka mwanzo si damu?"

Hakuna aliyembishia. Siku ile ilitosha kumgawia kila mtu ushindi wake.

"Vinaweza kutoka tena," daktari alionya, akiwafundisha mume na mke jinsi ya kufanya. "Vikitoka, rudi. Usipande ngazi mpaka Jumatatu, na upite kwangu kwanza nikuangalie. Na siku yoyote kikikushika huko juu, shuka na useme. Umenielewa? Useme."

"Nitasema. Na wewe daktari, dari lako limepakwa na mzembe. Nitakuja kulirudia."

*

Jumatatu daktari alimwangalia, akamruhusu. Shingo akaingia ukumbini akiwa amevaa ovaroli lililopigwa pasi na mkewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa ovaroli lolote. Rula alikuwa chini ya duara na tochi yake.

"Haya. Maelezo."

Njiani Shingo alikuwa ametayarisha maelezo mazuri, marefu, yenye masikio na vijiwe. Yote yakamtoka kichwani, likabaki neno moja.

"Bosi, nilikuwa na kizunguzungu."

Rola zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Umesema nini?"

"Kizunguzungu. Dari lilikuwa linanizunguka. Nilidanganya mafua, nikadanganya udhaifu, nikanunua na miwani kwa uongo wangu. Nusura nimuue Mzee Tina kwa ndoo, na kwa hilo nakuomba radhi, mzee wangu. Nimetibiwa."

Rula hakumtazama usoni. "Unaujua utaratibu. Kachukue kijiti."

"Naujua. Nipe ngazi kwanza, nawe utazame. Kikinishika, nitakwambia kwa sauti na kijiti nitakifuata mwenyewe."

Rula akampima kutoka viatuni hadi kwenye nywele, akashuka tena hadi viatuni. "Panda," alisema.

Shingo akapanda. Hakupapasa kwa mguu. Alipofika kwenye ubao wa juu kabisa, chini ya duara, alilikamata bomba kwa mikono miwili, maana daktari hakuahidi lolote na urefu ulikuwa uleule. Akaachia bomba. Mkono wa kwanza, kisha wa pili. Akakunja shingo nyuma yote, kama alivyokuwa akiikunja ujanani. Akageuza kichwa kulia. Akageuza kushoto. Akarudi kulia.

Maua ya plasta yalikaa yalipochongwa. Hakuna jani lililosogea. Shingo aliyatazama, na furaha ikampanda kutoka tumboni hadi kooni mpaka akaona hana budi kuipigia kelele.

"Rangi!"

Mzee Tina aliikoroga mwenyewe kwa uangalifu, akaifunga kwenye kamba. Shingo akaanza petali la kwanza. Alipaka asubuhi yote iliyobaki na mchana wote, ua kwa ua, akienda na duara pande zake zote, na mchezo ukawa umegeuka: sasa yeye ndiye aliyelizunguka dari. Alipomaliza, mafundi waligonga mabomba kwa vishikio vya brashi mpaka ukumbi wote ukalia kama kuna harusi.

Alipofika chini, Rula akamvutia nyuma ya mifuko ya plasta.

"Kazi safi."

"Asante, bosi."

Rula akaupima ukuta aliokuwa ameupima tayari. "Huyo daktari wako. Anapatikana siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi. Nani anaumwa?"

"Kuna mtu namfahamu."

"Ana nini?"

"Uchovu, uchovu hivi. Na kaukungu kidogo."

Shingo akamtazama vizuri. Miaka mingi iliyopita Rula alikuwa fundi wa madari, hodari wa hodari, kabla hajapewa tochi na cheo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akipita kidato cha pili, na wote walidhani ni maringo ya ukubwa.

"Bosi, mtu huyo akienda na ukungu atarudi na miwani," Shingo alisema kwa upole. "Nitampeleka mwenyewe. Ila atalisema neno lake kwa mdomo wake."

Rula akatazama kushoto, akatazama kulia. Akanong'ona kitu.

"Sijasikia, bosi."

"Nimesema..." Jasho lilikuwa linamtoka. Kisha kitu kikakatika ndani yake. "Kizunguzungu! Nina kizunguzungu, Shingo! Miaka yote hii! Hata taa ya nyumbani kwangu nabadilishiwa na mke wangu!"

Ukumbi ulikuwa mtupu, hauna hata kiti, na sauti ile ilipanda ikazunguka dari lote ikamfikia kila fundi mahali alipo. Walisimama na brashi zao hewani. Hakuna aliyecheka. Rula alibaki ameinamisha kichwa, akingoja kucheka kwao.

"Bosi," iliita sauti nyembamba kutoka juu. Ilikuwa ya Spidi. Alikuwa ubao wa juu kabisa, amelikumbatia bomba kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa hauna damu. "Hata mimi. Sasa hivi hapa. Kimenishika muda sasa, na siwezi kuachia. Nishusheni jamani."

Shingo alikuwa ngazini kabla hajamaliza. Akapanda hadi alipo, akamweka mkono mgongoni. "Usilitazame dari, usitazame chini. Nitazame mimi. Dari linazunguka au unaishiwa nguvu?"

"Naona giza. Miguu imelegea. Sijala tangu jana."

"Basi cha kwako kingine. Hakuna neno, tutakieleza hivyohivyo. Lete mguu."

Wakashuka pamoja, kidato kwa kidato, Shingo chini na Spidi juu yake, na huko chini Rula alikuwa ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, mafundi wengine wamemshika Rula. Spidi alipogusa sakafu, aliketi palepale. Hakuna aliyemletea kijiti. Mzee Tina alimletea maji na mkate wake mwenyewe, na Rula akamwambia ale kwanza, kesho atapanda akijisikia, na Alhamisi wao wawili na Shingo wataondoka asubuhi kwenda kwa daktari.